Marahaba Zilizobaki Daftarini

Mama Leonard hakuiamini simu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kabisa, na la kulia lilisikia pale tu mtu alipoinama na kusema kwa nguvu karibu na kilemba chake. Alipowekewa simu aliitabasamia, akasema, "Haya, haya, haya," halafu akamrudishia Yuliana kama anavyorudishwa mtoto wa jirani aliyeanza kulia.

"Humu mna upepo mtupu," alisema.

"Ni Leonard huyo, mama! Anaongea!"

"Basi msikilize wewe mwenye masikio ya shule. Kisha uniambie."

Kwa hiyo kila neno kati ya mama na mwanawe wa kiume lilipita kwa Yuliana. Ilikuwa hivyo kwa miaka miwili na nusu, na hakuna hata neno moja lililokwenda peke yake.

Leonard alikuwa akiishi baharini. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuishi juu ya maji. Wao ni watu wa mlimani, juu ya Bigwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka barabarani. Watu wa migomba, maharage na mafenesi, ambao mto wao mkubwa unavukwa kwa kuruka mawe. Lakini Leonard alikuwa fundi seremala, na mkono wake ulikuwa mzuri. Alikwenda Tanga kutafuta kazi, akakutana na wazee wawili wa Kizungu, mzee Anders na mkewe Inga, waliokuwa wakizunguka dunia kwa mashua ya matanga. Mbao za ndani ya mashua yao zilikuwa zimeoza. Leonard aliwatengenezea vitanda, sakafu, kabati, mpaka mlango wa choo. Alipomaliza, kibali chao cha kukaa nchini kilikuwa kimebakiza siku mbili, na mzee Anders, ambaye mabega hayakumruhusu tena kuvuta kamba, akamwambia waende wote. Leonard hata kuogelea hakujua. Alipopiga simu nyumbani alikuwa ameshapanda.

Siku ile mama alichukua jembe. Alikwenda shambani, akalima mpaka jua likazama, akarudi, akaosha miguu. Halafu akasema, "Hata kichwa sikumshika." Hapo ndipo Yuliana alipoona machozi. Kwao, mtoto anayekwenda mbali hushikwa kichwa na mama yake na kunyunyiziwa maji, ndipo aondoke.

Kesho yake mama aliamka mzima. "Haya," akamwambia Yuliana. "Lete daftari."

Yuliana alikuwa amehitimu chuo kwa shahada ya utawala, na wakati akingoja ajira alishika kazi katika steshenari moja jirani na stendi ya Msamvu, mjini Morogoro, alikokaa siku za kazi. Watu walimletea barua za kuomba kazi zenye kurasa tatu, naye akazirudisha zikiwa na ukurasa mmoja. "Ofisini hawana muda, kaka," aliwaambia kwa upole. "Neno lisilo na kazi litoe." Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyotegemea. Aliamini kwa moyo wote kwamba maneno machache yaliyonyooka ni namna ya kumheshimu anayesoma, na kwamba nchi nzima ingekwenda mbele kidogo kama watu wangejifunza kusema jambo na kunyamaza.

Huko mashuani kulikuwa na kifaa cha setilaiti, kidogo kama kipande cha sabuni, kilichopokea ujumbe hata katikati ya bahari kuu. Ujumbe mmoja ulibeba herufi mia moja na sitini, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Kifaa kilikuwa cha wazee, kwa ajili ya hali ya hewa na hatari, lakini walimruhusu Leonard ujumbe mmoja wa nyumbani kila wiki.

Basi kila Jumapili baada ya misa Yuliana alipanda mlima. Alimkuta mama ameketi kwenye kigoda nje ya jiko, kitenge kipya kiunoni, kama mtu anayetarajia mgeni.

"Amesemaje?"

Yuliana aliinama kwenye sikio la kulia na kupaza sauti. "Anasema, shikamoo mama!"

"Marahaba!" Mama aliitikia kwa sauti ya kupasua bonde, uso ameuelekeza chini kule migombani, kana kwamba Leonard alikuwa ng'ambo ya kijito akikata majani ya mbuzi. Kuku walikimbia. Kutoka nyumba ya chini Zuhura, jirani yao, alicheka na kuuliza, "Kaitika huko?"

"Andika," mama alisema. "Marahaba mwanangu, marahaba Leonard. Umeamkaje? Umelala? Mgongo ule ulioanguka nao kwenye mpera umepoa? Unakula ugali, au wanakulisha mikate tu? Bado hujui kuogelea? Mzee Anders ameamkaje? Mama Inga je, na goti lake? Na chombo, chombo kimeamkaje?"

"Mama, chombo hakiamki."

"Si ndiyo nyumba yao? Andika."

Huko juu mtu hasalimiwi peke yake. Anaanza yeye, wanafuata watu wa nyumba yake, wanakuja mbuzi na kuku, halafu migomba, mpaka maharage nayo yaulizwe hali. Kisha anayeuliza anatoa ya kwake kwa mpangilio uleule. Habari yenyewe, kama ipo, huja mwishoni kabisa, wakati watu wameshaanza kunyanyuka.

"Sisi huku tumeamka. Mbuzi wameamka, yule wa pembe moja amezaa. Mjomba wako Stefano ameamka, ni kiuno tu. Zuhura ameamka, anakusalimu sana. Mfenesi wako umeamka. Paa la jikoni linavuja."

Yuliana aliandika yote, kwa sababu mama alikagua. Hakujua kusoma, lakini alimtaka arudie kila neno sikioni mwake, kisha akapitisha kidole chini ya mistari mmoja mmoja.

"Mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Inatosha. Mpelekee."

Jumatatu asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia, Yuliana alifungua daftari kando ya simu na kuanza kukata. *Marahaba* ndiyo ilikuwa ya kwanza kutoka. Ni nani asiyejua kwamba shikamoo huitikiwa marahaba? Zikafuata umeamkaje zote, mgongo, goti, chombo na mfenesi. Kilichobaki kilikuwa safi kama barua nzuri ya ofisi: *Paa la jikoni linavuja. Mjomba kiuno kinamsumbua. Mbuzi kazaa. Mko wapi sasa?* Alifurahi kuona kwamba hata nafasi ilibaki.

Majibu ya Leonard nayo yalikuwa mafupi. *Shikamoo mama. Nimepata. Upepo ni mzuri. Paa, mwambieni mjomba atumie mabati yangu yaliyo darini.* Yuliana aliyapandisha mlimani Jumapili iliyofuata na kuyapiga sikioni.

"Marahaba!" Kisha mama alingoja. "Mgongo hakusema?"

Yuliana alimtazama. Uso wa mama yake ulikuwa wazi kabisa, kama sahani. "Amesema umepoa, mama."

"Na chombo?"

"Kimeamka."

"Mwanangu huyu!" Mama alitikisa kichwa. "Siku hizi anajibu kama mtendaji wa kijiji."

Yuliana aliuona uwongo ule mdogo kuwa wa upendo. Lazima mgongo ulikuwa umepoa, na lazima chombo kilikuwa kizima, kwa kuwa Leonard alikuwa anaandika.

Jambo moja angepaswa kulikumbuka. Miaka iliyopita, yeye na Leonard wakiwa bado shule ya msingi, mbuzi wa Zuhura walikula maharage ya mama, Zuhura akasema maneno ambayo hakupaswa kuyasema. Mama hakugombana naye. Alimnyima marahaba tu. Kila asubuhi Zuhura, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, alisimama njiani na kusema, "Shikamoo dada," na mama akampita kama anavyopita jiwe. Ilichukua mwaka mmoja na miezi miwili. Siku moja ya mvua Zuhura alisema shikamoo yake kwa mazoea tu, mama akajibu, "Marahaba, ingia, unalowa." Zuhura alilia palepale mlangoni, maji yakimtiririka. Watoto wote wawili walikuwa jikoni, wakaona. Mjomba Stefano aliwaeleza baadaye kwamba mama yao ndivyo alivyo, hasira zake hazina kelele, na kwamba anayenyimwa salamu hatakiwi kuidai, maana kuidai ni aibu juu ya aibu. Anatakiwa aendelee kuamkia mpaka mwenyewe alegee.

Yuliana aliikumbuka hadithi ile kama kichekesho cha nyumbani. Huko kwenye maji, Leonard aliikumbuka tofauti.

Mwaka wa pili ulipofika katikati alituma ujumbe huu: *Shikamoo mama. Narudia, shikamoo mama. Tumevuka salama.* Yuliana alidhani setilaiti imerudufu maneno. Mashua ilipotia nanga kwenye bandari yenye mtandao, kaka na dada waliongea kwa simu hata nusu saa, kuhusu mvua, siasa, samaki wanaoruka. Kila mara Leonard aliuliza kabla ya kukata, "Mama anasemaje lakini?" Na Yuliana, mwenye moyo mwema na haraka yake, alimpa habari: paa, kiuno, padre mpya.

"Hamna kingine?"

"Hamna kaka, mzima tu."

"Haya."

Mwezi wa pili mwaka huu mashua ilikuwa Panama, ikingoja kuingia bahari kubwa kuliko zote. Safari ya kuivuka ingechukua zaidi ya mwezi bila kuona nchi. Wakati huohuo miguu ya mama ilivimba. Daktari mjini alisema ni moyo, akampa vidonge na kumkataza chumvi na mlima, kana kwamba mtu anaweza kukatazwa nyumba yake. Yuliana aliogopa. Hakungoja Jumapili. *Kaka, mama moyo unamsumbua, miguu imevimba. Hapo kuna ndege. Rudi.*

Jibu lilikuja siku hiyohiyo. *Shikamoo mama. Yuli, yeye mwenyewe amesema nirudi? Nataka neno lake, si lako.*

Yuliana alipanda mlima siku ya kazi. Alipoinama na kusema, mama aliitikia marahaba yake, safari hii bila kufukuza kuku, kisha akakanda goti.

"Andika. Marahaba mwanangu. Umeamkaje? Mgongo? Chombo kimeamkaje? Mwambie mimi nimeamka, miguu tu imejaa maji kama anavyokaa yeye kwenye maji, tumefanana." Alicheka kidogo, akakohoa. "Mwambie simwiti. Mtoto mkubwa haitwi nyumbani kama mbuzi. Akimaliza kazi ya wazee wale, njia ya nyumbani anaijua. Mlango uko wazi na uji upo. Mwambie namsalimu, namsalimu, namsalimu."

"Mama, mwambie tu aje!"

"Nimemaliza. Mistari mingapi?"

Yuliana alishuka akiwa na hasira ya mtoto ambaye mama yake ni mkaidi. Alikaa kwenye jiwe kando ya njia, mji wote wa Morogoro umetandazwa chini yake, akaandika na kutuma palepale kabla hajapoa: *Mama anasema hakuiti. Anasema njia ya nyumbani unaijua.*

Siku mbili baadaye Leonard alijibu: *Nimeelewa. Shikamoo mama. Tunaondoka Alhamisi.*

Jumapili ya mwisho mama alikuwa amelala chumbani, mito mitatu mgongoni. Kila maneno manne alipumzika.

"Hajatuma wiki hii, mama," Yuliana alimwambia sikioni. "Labda mawimbi. Pumzika, tutaandika wakati mwingine."

"Lete daftari."

"Hakuna cha kujibu. Hajaamkia."

"Ataamkia." Mama alifumba macho. "Andika marahaba. Iweke hapo, akija kuamkia aikute."

Yuliana aliandika neno moja katikati ya ukurasa mtupu. Mama alipitisha kidole chini yake, akaridhika.

Alifariki Jumanne asubuhi, Zuhura akiwa jikoni anampikia uji usio na chumvi.

Mjomba Stefano ndiye aliyeshika msiba, kwa kuwa kwao neno la mjomba juu ya watoto wa dada yake ndilo la mwisho. Wanaume walipokuwa wakichagua mahali pa kaburi alimwita Yuliana kando.

"Kaka yako asiambiwe."

"Mjomba!"

"Mtu aliye safarini haambiwi msiba, mama. Anaambiwa njoo, mgonjwa kazidiwa. Akishafika, ameketi, amepewa maji, ndipo anaambiwa. Hivyo ndivyo tunavyofanya."

"Aje kwa njia gani? Nchi kavu iko mbele siku kumi na nane. Nimwambie njoo, aruke majini?"

Mjomba alifikiri sana, akilikuna sikio. "Hajui kuogelea," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa. "Sikuruhusu. Lakini sitakuuliza."

Yuliana aliketi akaandika. *Kaka, mama ametutoka leo asubuhi, nyumbani. Hakuteseka. Tunazika kesho saa nane. Pole kaka yangu.*

Walizika. Mvua ndogo ilinyesha, kisha ikakatika. Padre alisema maneno mazuri, na wanawake wa Kiislamu kutoka nyumba za chini walikuja na Zuhura na kukaa kwenye mikeka pamoja na wengine. Zuhura hakuwa na sauti tena. Katikati ya mkeka wa wafiwa waliacha nafasi ya mtu mmoja.

Siku ya tatu jibu lilifika. Yuliana alikuwa akiosha sufuria za msiba, akafuta mikono kwa kanga na kusoma.

*Nimeisoma mara nyingi. Amekufa hajanisamehe. Miaka miwili na nusu namwamkia, hajaniitikia hata mara moja. Msiningoje. Nitabaki huku.*

Mwanzoni hakuelewa. Aliona ni wazimu wa majonzi. Alikuitikia, karibu aandike, alikuwa anapasua bonde kwa kukuitikia. Halafu akatazama ukurasa wa ujumbe kwenye simu, akaanza kuupandisha juu kwa kidole, wiki baada ya wiki, akisoma kama angekuwa Leonard. Shikamoo mama. *Paa linavuja.* Shikamoo mama. *Mjomba kiuno.* Shikamoo mama. *Padre mpya kaja.* Narudia, shikamoo mama. *Maharage yamekauka. Mko wapi?* Shikamoo mama. *Anasema hakuiti.*

Aliona Zuhura amesimama njiani, na mama akimpita kama jiwe.

Marahaba ina herufi nane. Alihesabu kwa vidole vyenye harufu ya sabuni. Nafasi ilikuwepo karibu kila wiki.

Mjomba Stefano alikuwa nyuma ya nyumba akisuka tenga la kubebea mboga, maana mikono yake haikujua kukaa bure hata msibani. Yuliana alipiga magoti mbele yake na kumweleza kila kitu, akianza na steshenari na kumalizia na jiwe la njiani. Alitegemea kufokewa. Mjomba alisuka mizunguko miwili kabla ya kusema.

"Mimi nilijua mtoto yule ana kiburi. Kumbe alikuwa anangoja."

"Alikuwa anangoja, mjomba."

"Na dada yangu kila Jumapili ananiambia, Leonard siku hizi hana maneno."

Yuliana aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa ukingo wa tenga.

"Mwite wewe, mjomba. Wewe una neno. Mwambie umemsamehe kwa niaba ya mama."

"Nimsamehe nini? Hakukasirikiwa." Mjomba aliweka ufito chini. "Salamu ya dada yangu siwezi kuitoa mimi. Alishaitoa mwenyewe. Wewe ndiye umeikalia. Zile ulizokuwa unaandika, umezitupa?"

"Hapana. Madaftari mawili, yote yapo."

"Basi inuka, umezikalia muda mrefu."

Aliogopa kwa saa nzima. Kama Leonard angesikia kweli hii, angeweza kumpoteza naye pia, na nyumba nzima ingebaki na yeye na mbuzi wa pembe moja. Lakini kumwacha aendelee kuamini vile kulikuwa ni kumkata tena, na safari hii kwa makusudi. *Kaka, mama alikuitikia kila Jumapili kwa sauti. Mimi ndiye niliyekata salamu ili niwe mfupi. Zote ziko daftarini. Kosa ni langu peke yangu.*

Siku moja ilipita, na ya pili. Watu wa msiba walitawanyika. Siku ya tatu Yuliana alifungua simu mara nyingi mpaka chaji ikaisha, akaipeleka kwa Zuhura mwenye sola.

"Atajibu," Zuhura alimwambia. "Mimi nilingoja mwaka na miezi miwili."

"Wewe ulikuwa na kosa, shangazi. Yeye hakuwa nalo."

"Ndiyo maana nasema atajibu."

Siku ya nne, asubuhi, ukungu ukiwa bado umeikalia migomba, simu ililia mezani kwa Zuhura.

*Mzee Anders kaniachia kifaa, tuma kadiri utakavyo. Nimekukasirikia Yuli, bado. Tuma ya kwanza. Usikate hata neno.*

Yuliana alichukua daftari la kwanza, akaketi kwenye kigoda cha mama nje ya jiko. Jalada lilikuwa na alama ya kidole chenye masizi. Aliandika neno kwa neno. *Marahaba mwanangu, marahaba Leonard. Umeamkaje? Umelala? Mgongo ule ulioanguka nao kwenye mpera umepoa?* Herufi zilipojaa alituma, akaendelea na ujumbe wa pili, na wa tatu, goti la mama Inga, chombo, mbuzi, mfenesi, Zuhura, mpaka paa la jikoni, ambalo siku nyingi lilikuwa limeshazibwa. Ilimchukua jumbe nne. Kisha akangoja, mikono mapajani, kama alivyokuwa akingoja mwenye kigoda.

Majibu yalikuja moja moja, polepole, na mapengo marefu katikati.

*Nimeamka mama. Mgongo ulishapoa, unauma mvua ikinyesha tu.*

*Nakula. Mama Inga amejifunza kupika ugali, unakuwa kama uji. Goti lake halijambo.*

*Kuogelea bado mama.*

*Chombo kimeamka. Mbao zangu hazijaoza hata moja.*

Yuliana aliyasoma kwa sauti, kwa nguvu, upande wa kulia wa kigoda ambapo hapakuwa na mtu. Zuhura, aliyekuwa akipanda na kikapu cha majani, alisimama mbali na hakusogea mpaka alipomaliza.

Baada ya muda ukaja mwingine. *Zimebaki ngapi?*

Alihesabu kurasa, akilowesha kidole kwa mate. *Mia moja na ishirini na tatu.*

*Usizimalize. Nitumie moja kwa siku. Nchi kavu ni siku kumi na moja mbele, na huko kuna kiwanja cha ndege. Zitakazobaki utanisomea nyumbani. Sikioni.*

Hakuandika kwamba amemsamehe, na Yuliana hakumwuliza. Alijua sasa kwamba jambo hilo halidaiwi. Alifungua daftari la pili nyuma kabisa, kwenye ukurasa wenye neno moja katikati, akaukunja pembe ili asiuguse kwa bahati mbaya katika siku hizi kumi na moja. Huo hautatumwa. Leonard atapanda mlima mwenyewe, ataoneshwa mahali, atasimama hapo na kumwamkia mama yake, naye Yuliana atakuwa kando ameushika, tayari kuusoma kwa sauti ya kufukuza kuku.

Kisha alinyanyuka akawafungulia mbuzi. Yule wa pembe moja alitoka wa mwisho, akasimama akimtazama.

"Umeamkaje?" Yuliana alimwuliza. Akangoja kidogo kabla ya kwenda kwa kuku.